Pumzi Huwahi, Mifupa Huchelewa: Ushauri kwa Wanaoanza Kukimbia Dodoma

Wengi wanaojiunga na vikundi vya jogingi hapa Dodoma huumia katika kipindi kilekile. Hawaumii juma la kwanza, wanapohema na kusimama kila baada ya mita mia kadhaa. Huumia mwezi wa pili au wa tatu, pumzi inapokuwa imetulia, uzito umeanza kupungua, na mtu amekwisha kuwatangazia wenzake kazini kwamba mwaka huu atakimbia nusu marathoni. Sababu ni kwamba viungo vya mwili havikomai kwa mwendo mmoja. Moyo, mapafu na damu huanza kuzoea mazoezi ndani ya majuma machache, ilhali kano na mifupa huhitaji miezi. Mfupa uliopewa mzigo mpya hauanzi kwa kujiongezea unene. Kwanza huondoa sehemu zilizochakaa, kisha hujenga mpya mahali pake, na kazi hiyo huchukua miezi mitatu au zaidi. Katikati ya kipindi hicho mkimbiaji mpya hujiona ana nguvu kuliko wakati wowote, huku muundi wake ukiwa bado haujamaliza matengenezo. Ratiba, chakula na matibabu ninayoyaeleza hapa yote yanatokana na tofauti hiyo.

Kwa anayeanza, siku tatu za kukimbia kwa juma zinatosha, zisizidi nne, na karibu zote ziwe za mwendo unaokuruhusu kuzungumza sentensi nzima bila kukatizwa na pumzi. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari za kikao cha jana hadi mwisho, mwendo wako ni sahihi. Ukibaki kujibu “ndiyo” na “hapana”, umezidisha. Jambo hili ni rahisi kulisema na gumu kulitekeleza siku ya Jumamosi, kwa kuwa vikundi vyetu huondoka pamoja kwa nyimbo na filimbi, na baada ya kilomita mbili safari hugeuka mashindano ambayo hakuna aliyeyatangaza. Bila vikundi hivyo wengi wetu tusingeamka saa kumi na moja alfajiri, na kwa hiyo siwashauri watu wakimbie peke yao. Namshauri tu anayeanza achague kundi kwa kumwangalia mtu wake wa mwisho: kama huyo huachwa nyuma peke yake kila Jumamosi, hapo si mahali pa kujifunzia.

Kuhusu kuongeza umbali, kuna kanuni inayonukuliwa sana ya kutozidisha asilimia 10 kwa juma. Ichukuliwe kama tahadhari na si kama sheria, kwa maana anayekimbia kilomita 8 kwa juma anaweza kuongeza zaidi ya hapo bila madhara, na aliyefika 40 anaweza kuumia kwa nyongeza ndogo kuliko hiyo. Linalonipa mashaka zaidi ni kuongeza mambo mawili kwa pamoja. Juma la kuongeza umbali lisiwe juma la kuongeza kasi au milima, na mbio ndefu ya mwisho wa juma isizidi kwa mbali ile ndefu kuliko zote uliyokimbia katika mwezi uliotangulia. Kila baada ya majuma matatu ya kupanda, shusha umbali juma la nne, hata kama hujisikii kuchoka.

Alphonce Simbu, mzaliwa wa mkoa jirani wa Singida, alipata medali ya shaba ya marathoni katika mashindano ya dunia ya London mwaka 2017, na dhahabu akaipata Tokyo mwezi Septemba 2025 kwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, muda uleule wa Mjerumani Amanal Petros aliyemfuata, wakitenganishwa na sehemu tatu za mia za sekunde. Tangu siku ile wapo vijana wanaotaka kuonja kasi yake, ambayo ni karibu dakika 3 na sekunde 5 kwa kila kilomita. Ile miaka minane iliyo kati ya medali hizo mbili hawaitazami sana.

Kalenda ya Dodoma nayo ina upande wake. Mbio za NBC Dodoma Marathon kwa kawaida hufanyika Julai, kwa hiyo maandalizi yake huangukia Aprili hadi Juni, mvua zikiwa zinaisha na asubuhi zikiwa za baridi. Sijui msimu mzuri kuliko huo kwa mtu anayeandaa kilomita 10 za kwanza. Anayejiandaa kwa Kilimanjaro Marathon ya Moshi, inayofanyika mwishoni mwa Februari au mwanzoni mwa Machi, hulazimika kufanya mazoezi katika joto la Oktoba na Novemba, kisha katika matope ya Desemba na Januari. Si kwamba haiwezekani, ila kwa mwaka wa kwanza naona ni kujitafutia shida.

Mji wetu uko kwenye mwinuko wa takriban mita 1,100 na hewa yake ni kavu, na jambo hili huwapoteza hasa waliohamia kutoka Dar es Salaam. Kule jasho hudondoka na kulowesha fulana, nawe unajua umepoteza maji; hapa hukauka ngozini kabla hujaliona, na mtu hurudi nyumbani akidai kwamba hakutoka jasho. Itazame kofia yake ikishakauka: kwenye ukingo wa mbele utaona mistari myeupe ya chumvi. Njia ya kujua ukweli ni kujipima uzito kabla na baada ya kukimbia. Kila kilo iliyopungua ni takriban lita moja ya maji iliyotoka. Hulazimiki kuyarudisha yote mara moja, na kunywa maji mengi kupita kiu katika mbio za saa nyingi kunaweza kuteremsha chumvi ya damu hadi kiwango cha hatari. Kwa mbio zisizozidi saa moja, maji unayokunywa baada ya kurudi yanatosha. Kwa zile ndefu, lita moja ya maji safi yenye vijiko sita vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi hufanya kazi nzuri, nayo gharama yake ni ndogo mno.

Njia zetu pia zinahitaji kuchaguliwa. Mchanga wa makorongo unavutia kwa ulaini wake, lakini kisigino huzama na kuivuta kano iliyo nyuma ya kifundo, kwa hiyo uingie humo kwa dakika chache tu mwanzoni. Vilima vya Chuo Kikuu cha Dodoma ni vizuri kwa kupanda. Mteremko ndio unaoumiza mapaja na miundi, na hakuna aibu kuushuka kwa kutembea. Barabarani, kimbia upande wa kulia ili uyaone magari yanayokujia, huku ukikumbuka kwamba bodaboda hupita pembeni kwa pande zote. Kwa kuwa lami huinamia ukingoni, mguu mmoja hukanyaga chini kuliko mwingine kilomita nzima, na hiyo ni sababu nyingine ya kutafuta barabara za vumbi za mitaani kila inapowezekana. Julai, upepo unapovuma, anza kwa kuukabili na urudi ukiwa mgongoni.

Sasa chakula. Idadi kubwa ya wanaoanza wana lengo la kupunguza uzito, nao huanza kukimbia na kuacha ugali katika juma lilelile. Matokeo yake kwenye mizani hufurahisha kwa muda, kisha mtu huanza kuumwa hapa na pale, usingizi hupungua na mbio huwa nzito. Mwili uliokosa nguvu ya kutosha hupunguza matumizi kwenye yale yanayoweza kusubiri, na kujenga mfupa ni mojawapo. Kwa mwanamke, hedhi inayopotea au kuanza kuruka miezi baada ya kuongeza mazoezi si dalili ya kuwa mwanariadha kamili, kama baadhi wanavyoambiana; ni dalili kwamba anakula kidogo kuliko anavyotumia, na mifupa yake imo hatarini. Anayetaka kupungua na apungue polepole, kwa kuondoa soda, maandazi na mafuta ya ziada, na wanga aubakize katika siku za mazoezi.

Vyakula vya mkoa huu vinamfaa mkimbiaji vizuri. Ugali wa mtama au wa uwele kwa mlenda wenye karanga na dagaa pembeni ni mlo ambao una wanga, protini, na kalsiamu inayotoka kwenye mifupa ya dagaa wanaoliwa wazima. Angalizo ni kwamba mlenda na maharage havifai usiku wa kuamkia mbio ndefu, kwa sababu nyuzinyuzi zake zitakutafutia choo kilomita ya saba, mahali pasipo choo. Mahitaji ya protini kwa anayefanya mazoezi ni takriban gramu 1.2 hadi 1.6 kwa kila kilo ya uzito kwa siku. Mtu wa kilo 60 anahitaji basi kati ya gramu 72 na 96, na hazipatikani kwa nyama choma ya Jumamosi peke yake: yai moja lina gramu 6 hivi, bilauri ya maziwa 8, kikombe cha maharage yaliyopikwa 15, na ni lazima vigawanywe katika milo yote ya siku. Mbio zikizidi saa moja na nusu, mwili hufaidika na gramu 30 hadi 60 za wanga kwa kila saa, nazo ndizi mbivu mbili au konzi mbili za zabibu kavu huzifikia.

Chai nayo ina neno lake. Tumezoea kuinywa pamoja na mlo, na majani ya chai huzuia ufyonzwaji wa madini ya chuma yaliyomo katika mboga na maharage. Mkimbiaji mwenye upungufu wa damu huchoka hata ratiba yake ikiwa nzuri. Chai isogezwe saa moja baada ya mlo, na mezani pawekwe maji ya ubuyu, ambayo vitamini C yake husaidia chuma hicho kuingia mwilini. Unga wa protini unaouzwa kwenye kumbi za mazoezi hauhitajiki kwa mtu anayeweza kununua mayai.

Maumivu yakija, kazi ya kwanza ni kuyatofautisha. Tuseme ni muundi, kwa sababu ndio unaolalamikiwa zaidi na wapya. Kaa chini, kunja goti, kisha pitisha dole gumba ukibonyeza ukingo wa ndani wa mfupa, kutoka chini ya goti hadi karibu na kifundo. Maumivu yakiwa yameenea sehemu yenye urefu wa kiganja au zaidi, na yakipungua mwili ukipata moto, kuna uwezekano mkubwa kwamba ni mkereketo wa kuzidisha mzigo. Yapunguzie umbali kwa nusu nayo mara nyingi yatatulia. Yakiwa mahali pamoja penye ukubwa wa ncha ya kidole, ukaruka unapobonyeza, na yakiendelea ukitembea au usiku ukiwa umelala, shuku ufa mdogo kwenye mfupa na uache kukimbia siku hiyohiyo. Nenda hospitali, na ujue kwamba eksirei ya majuma ya mwanzo huweza kuonyesha mfupa mzima ilhali ufa upo. Picha safi si ruhusa ya kurudi barabarani.

Mahali hapo pasichuliwe. Mafundi wa kuchua tulionao mitaani huwasaidia wengi kwa misuli iliyokaza, lakini mfupa wenye ufa ukikandamizwa kwa nguvu huongezewa jeraha. Vidonge vya maumivu vya diklofenaki, vinavyopatikana kirahisi mno, navyo visimezwe kabla ya mazoezi ili “kutuliza mguu”: huficha taarifa unayoihitaji, na kwa mtu aliyepungukiwa maji huumiza figo.

Maumivu mengi ya kano, yakiwemo ya kisigino na ya unyayo yanayochoma kwa hatua za kwanza asubuhi, hayaponi kwa kulala tu, kwa sababu kano huimarika kwa kupewa mzigo inaoumudu. Simama kwenye ngazi kwa vidole, nyanyuka polepole, shuka polepole zaidi, mara 15, upumzike, urudie hadi mizunguko mitatu, ukiruka siku moja katikati. Ukizoea, tumia mguu mmoja. Katika mizani ya 0 hadi 10, maumivu yasiyozidi 3 yanavumilika, mradi kesho yake asubuhi yawe yamerudi pale yalipokuwa. Yakiamka yameongezeka, mzigo ulikuwa mkubwa. Baiskeli husaidia kutunza pumzi wakati huo, na kwa barabara zetu za tambarare haina usumbufu.

Viatu vya mitumba vinafaa ukijua kuvichagua. Kiweke kiatu mezani ukitazame kwa nyuma: kisigino kikiegemea upande mmoja, kiache. Bonyeza sponji ya pembeni kwa dole gumba. Ikiwa ngumu na yenye mikunjo mingi imekwisha, hata juu kiwe kinang'aa.

Kurudi baada ya jeraha kuanze pale unapoweza kutembea haraka dakika 40 bila maumivu, siku hiyo na kesho yake. Kisha kimbia dakika moja, tembea mbili, mara kumi, ukiruka siku moja katikati, na dakika za kukimbia ziongezwe kabla ya kasi. Pumzi itakuwa imebaki nzuri, nayo itakushawishi uruke hatua. Yakibaki majuma matatu kabla ya mbio ulizojiandikisha, na bado huwezi kukimbia nusu saa mfululizo, waombe waandaaji wakuhamishie kilomita 5 uzitembee, au ukasimame kando ya barabara uwagawie wenzako maji.