Zimeni taa mwende nyumbani: kwa wadogo zangu mnaoanza uhasibu

Kufunga hesabu za mwezi kumefika tena na nawaona. Saa mbili usiku taa za idara zinawaka, kila mmoja anamchungulia mwenzake nani atanyanyuka kwanza, na bosi mnayemsubiri awaone kaondoka tangu saa kumi na moja. Nimevumilia, leo nasema.

1. Kukesha si kuchapa kazi. Mchana mlibishana Simba na Yanga mpaka saa tisa, jua linazama ndiyo mnafungua Excel na kulalamika kazi ni nyingi. Sheria yetu ya Tanzania, ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, inataja saa 45 kwa wiki. Saa za ziada zisizidi 50 katika wiki nne, tena kwa makubaliano, na zilipwe mara moja na nusu. Aliyebaki bila kuombwa anaambulia nauli ya bodaboda na macho mekundu.

2. Ukiwa kwenye shughuli za watu, weka simu mfukoni. Hapa nitakaa, maana yalinikuta.

Tulikuwa msibani kwa baba mkubwa, Muheza. Wanaume tumekaa nje chini ya turubai, kahawa inazunguka. Meneja akaandika: "Nitumie orodha ya mishahara niidhinishe." Alijua niko msibani, ruhusa alisaini mwenyewe, na ningemwambia asubiri angesubiri. Lakini nilikuwa na ule ugonjwa wa kutaka ionekane bila mimi ofisi haiendi. Nikatafuta faili kwenye simu, huku mzee mmoja pembeni ananieleza habari za shamba la michungwa la marehemu, mipaka yake na nani aliahidiwa nini. Naitikia "ee, ee". Nikatuma.

Nilituma kwenye grupu la wafanyakazi wote.

Hilo lingetibika. Nikakimbilia kufuta, na badala ya "futa kwa wote" nikabonyeza "futa kwangu". Faili likatoweka kwenye simu yangu peke yake. Nikashusha pumzi, nikaomba kahawa nyingine.

Kulipokucha, hata mlinzi wa getini alijua mshahara wa kila mtu. Dereva mkongwe aligundua kwamba kijana aliyeajiriwa juzi anamzidi. Wawili waliokuwa wakila sahani moja wakaacha kusalimiana. Nikapewa barua ya onyo, na nashukuru Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ilikuwa haijaja. Barua ilipita. Yule dereva aliendelea kunipeleka benki, kimya, njia nzima, kwenda na kurudi. Na kikao cha ukoo kilipoitwa kuhusu shamba, mzee yule akaninyooshea kidole: "Huyu nilimweleza yote usiku ule." Wote wakanigeukia. Sikukumbuka hata mpaka mmoja.

3. Suluhisha hesabu ya benki kila siku, yaani linganisha vitabu vyako na taarifa ya benki, usingoje mwisho wa mwezi.

4. Likizo ni siku 28, zichukueni. Mnadhani kutokwenda ni sifa, kumbe mkaguzi mzoefu humtilia shaka mhasibu asiyeondoka mezani, maana mwenye la kuficha huogopa mwenzake akikalia kiti chake.

5. Mwisho wa kulipa PAYE (kodi inayokatwa kwenye mishahara) na SDL (tozo ya mwajiri ya kuendeleza ufundi stadi) ni tarehe 7 ya mwezi unaofuata, VAT (kodi ya ongezeko la thamani) ni tarehe 20. Usiniambie mtandao ulisumbua saa tano usiku siku ya mwisho. Tarehe 3 ulikuwa wapi?

6. Uwe na mahali unaposubiriwa baada ya kazi. Kuna binti idarani kwetu, kila Jumanne na Alhamisi ikifika saa kumi na moja na nusu anabeba begi anakwenda netiboli. Mwanzoni nilimnunia, nikisema huyu hana uchungu na kazi. Halafu nikaona vocha zake za malipo hazirudishwi kwa makosa. Anajua hana usiku wa kukimbilia, kwa hiyo mchana hapigi soga, na akikwama anauliza saa nne asubuhi, wakati mwenye jibu bado yupo. Siku hizi akichelewa kuondoka mimi ndiye namfukuza, na ameniandika kwenye orodha ya mashabiki bila kuniuliza. Jumamosi wana mechi, nimeshaambiwa nibebe maji.

Wale wa idara yangu mnaosoma hapa: risiti za manunuzi za EFD, zile za mashine ya kodi, nazitaka mezani kabla ya tarehe 15. Mezani, si picha kwenye WhatsApp.