Kujitetea si kukana: shauri langu la fidia hapa Moshi

Ugomvi wenyewe ulikuwa wa nafasi ya kushushia matenga ya nyanya, alfajiri, soko la Mbuyuni. Jamaa akaokota kipande cha nondo akanijia. Nikamdaka mkono, nikamsukuma, akaangukia ukingo wa mtaro na kuvunjika kifundo cha mkono. Nondo ikamponyoka, ikabingirika chini ya mkokoteni. Mimi, kwa hasira, nikamwongeza teke la mbavu.

Polisi hawakumshtaki mtu, nikajua yamekwisha. Miezi minane baadaye nikaletewa samansi: ananidai fidia. Ndugu zangu, jalada la polisi likifungwa, aliyeumia bado ana haki ya kufungua shauri la madai, na kwa shauri la aina hii sheria inampa miaka 3. Ukipata samansi usiifiche kabatini ukisubiri wazee wapatanishe. Una siku 21 za kupeleka utetezi wa maandishi. Zikipita, shauri linaweza kusikilizwa upande mmoja. Wazee waje, ila maandishi yatangulie.

Kosa langu lilikuwa kumwambia wakili, "Andika sikumgusa kabisa." Dada yule akaweka kalamu mezani. "Kaka, ukisema hukumgusa, huwezi tena kusema ulijitetea. Chagua moja."

Hapo ndipo nilipoelewa. Kujitetea ni kukiri: nilimsukuma, na sababu ni hii. Na sababu hiyo unaithibitisha wewe, maana anayedai jambo ndiye anayepaswa kulithibitisha. Afadhali kidogo, kwenye madai hakimu hatafuti uhakika usioacha shaka kama kwenye jinai. Anapima ushahidi wa nani una uzito zaidi.

Mama muuza chai aliiona nondo, akaja kusema. Bila yeye ningekwisha, kwa sababu PF3, fomu ya polisi ambayo daktari huijaza majeraha, sikuwa nayo. Mkono ulivimba, nikaukanda maji ya moto nikarudi kuuza nyanya. Mwenzangu alichukua yake siku ileile, daktari akajaza kila kitu. Hata ukiona umechubuka tu, pitia kituoni uchukue fomu kabla ya kwenda hospitali.

Wakili wa jamaa aliniuliza, "Ulipompiga teke, nondo ilikuwa wapi?"

"Chini ya mkokoteni."

Kumsukuma, hakimu alikubali kuwa ni kujitetea. Teke alilikataa, kwa kuwa hatari ilikuwa imeshapita. Fidia niliyolipa ni ya mbavu. Ya mkono sikulipa.