Fundi Anajibu: Antena mbili za nini?

SWALI: Shikamoo fundi. Nafunga vifaa vya intaneti Kigoma mjini, jioni nasoma stashahada. Mwalimu katuambia OFDM (mbinu ya kugawa data kwenye mawimbi mengi) inaoana na msimbo wa Alamouti (wa kutuma kwa antena mbili), kisha akafuta ubao. Kama antena mbili zinagawana nguvu ileile nusu kwa nusu, faida iko wapi? – Msomaji, Mwanga.

JIBU: Marahaba, mwanangu. Nusu kwa nusu ni kweli, na inakugharimu desibeli 3, yaani nusu ya nguvu, ukilinganisha na antena mbili za kupokea. Siavash Alamouti, mwaka 1998, aliikubali hasara hiyo ili mzigo ubebwe na mnara, simu ibaki nyepesi.

Simama mwaloni Kibirizi. Wimbi moja linakujia moja kwa moja, jingine limegonga maji, jingine mlima. Yakikutana vibaya yanauana. Kwenye megahezi 900, sogeza simu sentimita 17, haifiki hata shubiri, mtandao unarudi. Sasa, shimo la antena ya pili, yaani mahali mawimbi yake yanapouana, haliko palepale. Tuseme kila njia huzama mara 1 katika 100: zisipotegemeana, huzama pamoja mara 1 katika 10,000. Faida ni hiyo, wala si spidi. Anayekuuzia msimbo huu kwa jina la spidi mara mbili anakupiga.

Msimbo wenyewe unachukua simboli mbili, yaani vipande viwili vya data, s1 na s2. Zamu ya kwanza antena moja inatuma s1, nyingine s2. Ya pili, −s2* na s1* (nyota inageuza alama ya sehemu dhahania ya namba). Mpokeaji anajumlisha, anatoa, s1 na s2 zinaachana. Basi.

Ubao ulifutwa mapema hapa: hesabu hiyo haivumilii mwangwi wa simboli iliyopita. Sisi wa televisheni za analojia tunaujua mwangwi, msomaji wa habari alikuwa na pacha wake wa kivuli pembeni! OFDM inagawa data kwenye mawimbi-bebezi mengi membamba. Katika LTE, mtandao wa 4G, yameachana kilohezi 15, kwa hiyo simboli inarefuka hadi mikrosekunde 66.7, na mkia wake unanakiliwa mbele yake, takriban mikrosekunde 4.7. Huo ni muda wa wimbi kuzunguka kilomita 1.4 zaidi, mwangwi wa ndani ya hapo hauharibu kitu. Kila wimbi-bebezi linabaki na kizidisho kimoja kwa kila antena, na ndicho Alamouti alichokuwa anadai. LTE hata haingoji zamu ya pili, inaweka jozi ya s1 na s2 kwenye mawimbi-bebezi mawili jirani kwa wakati mmoja, kwa hiyo hata ukiwa kwenye boti ya Gombe njia haipati muda wa kubadilika.

Na antena zako zitenganishe, au moja uilaze. Ujiji nilikuta mteja kazifunga pamoja kwa waya, eti upepo wa ziwa.