Kabla hujawasha au kuzima jeni ya kinga kwenye panya

Ukiingia maabara ya kinga utakuta kila mtu na dawa yake ya kuwasha au kuzima jeni: huyu tamoksifeni, yule doksisaiklini, mwingine poli I:C. Wageni wengi huanza kwa kuuliza dozi. Anza kwa kuuliza dawa yenyewe inamfanya nini panya, hata kabla jeni yako haijaguswa.

Chukua panya wa Mx1-Cre, wanaotumika tangu miaka ya 1990. Cre, kimeng'enya kinachokata DNA, kimewekwa chini ya amri ya promota (swichi) ya Mx1, jeni inayoamshwa na intaferoni, protini za tahadhari ambazo mwili hutoa virusi vinapovamia. Unamchoma panya poli I:C, RNA ya kutengenezwa inayofanana na ya virusi. Mwili unatoa intaferoni, Cre inazalishwa, inaikata jeni uliyoilenga. Kwenye ini na uboho kazi hiyo inakwenda vizuri sana. Tatizo ni kwamba kwa sindano hiyohiyo umeamsha mamia ya jeni za kinga. Kesho yake ukipima wengu ukakuta jeni za intaferoni zimepanda, hujagundua kitu, hiyo ni poli I:C. Subiri wiki kadhaa vurugu itulie ndipo upime. Wala usidhani bila sindano Cre imelala fofofo. Kwenye seli za damu hujiwasha kidogo yenyewe.

Doksisaiklini nayo ni antibiotiki, na bakteria wa utumbo wana mkono mrefu katika kinga. Inaharibiwa na mwanga, kwa hiyo funika chupa ya maji kwa foili. Ni chungu, ndiyo maana watu huongeza sukari. Basi na kundi la kulinganisha linywe maji yenye sukari. Tamoksifeni hushika vipokezi vya estrojeni, na seli za kinga zinavyo. Kundi lililopewa mafuta ya mahindi matupu, yale ya kuyeyushia tamoksifeni, halitoshi. Weka na panya wenye Cre waliopewa dawa kamili lakini jeni yao haina alama zinazoionyesha Cre pa kukata. Bosi akilalamika kuhusu gharama za vizimba, shikilia hapohapo.

Kuhusu muda: ukichoma LPS, sumu ya ukuta wa bakteria, basi TNF, protini ya kinga inayochochea uvimbe, hufika kileleni kwenye damu baada ya dakika 60 hadi 90 hivi. Ukichukua damu jioni utaandika kwamba LPS haikufanya kazi. RNA ya TNF ina kipande chenye herufi A na U nyingi karibu na mwisho wake, kinachoita vimeng'enya viivunje upesi. Panya walioondolewa kipande hicho, kazi iliyochapishwa 1999, walipata uvimbe wa viungo na wa utumbo bila kuchokozwa na chochote.

Na soma kadi ya kizimba mpaka herufi ya mwisho. Ukoo wa panya wa C3H/HeN huitikia LPS kama kawaida. Ule wa C3H/HeJ hauitikii, kwa sababu jeni yake ya Tlr4, ya kipokezi kinachotambua LPS, ina hitilafu, iliyobainishwa 1998.