Laptopu ya slaidi za utafiti: angalia kioo na RAM kwanza

Shikamoo. Natafiti ubwiriunga (ugonjwa wa ukungu unaoacha unga kwenye majani) wa mikorosho huku Naliendele. Muuzaji ananishawishi nichukue laptopu ya gemu yenye GPU (chipu ya michoro) kubwa kwa ajili ya picha na slaidi. Nichukue? (Mwanafunzi, Mtwara)

Marahaba. Usichukue. GPU kubwa ina kazi yake kwenye gemu, video na michoro ya pande tatu. Kwa picha za majani, fedha hiyo ihamishie kwenye RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi), SSD (diski ya kuhifadhia mafaili) na kioo. Picha ya megapikseli 24 ikifunguliwa hula takriban MB 72 za RAM, hata kama faili lake la JPEG ni MB 8 tu, na kila leya (tabaka la picha) unayoiongeza juu yake inaweza kula kiasi hicho hicho. RAM ya GB 8 utajikongoja nayo. GB 16 utafanya kazi kwa raha. Uliza pia kama inaongezeka, maana laptopu nyingi nyembamba RAM yake imegandishwa kwenye ubao. SSD iwe ya GB 512.

Kioo ndicho watu wanakisahau, na kwako ndicho muhimu zaidi. Nenda dukani na flashi yenye picha yako ya jani changa lenye ule unga wa kijivu. Ifungue, itazame ukiwa umekaa, kisha simama. Unga ukififia au rangi zikigeuka, kioo hicho huenda ni cha TN, aina inayobadilika ukiitazama kwa pembe. Kiache. Tafuta IPS, aina isiyogeuza rangi hivyo, ya pikseli 1920 kwa 1080. Ukihukumu ugonjwa kwa kioo kinachobadili rangi, utakuja kubishana na jani lenyewe.

Mwalimu mwenzangu, slaidi zangu za biolojia zimefika MB 300 na zinakwama. Nibadilishe kompyuta? (Nachingwea)

Hapana, mwalimu. Projekta ya 1920 kwa 1080 huonyesha pikseli milioni mbili na ushee tu. Za zamani hata hazifiki milioni moja. Picha ya milioni 24 inabebwa bure. Tengeneza nakala ndogo kwanza, ndipo uiweke kwenye slaidi. Kuvuta kona ya picha ndani ya slaidi hakupunguzi uzito wa faili. Kwa ajili ya projekta hizo za zamani, nunua na adapta ya HDMI kwenda VGA, ukae nayo kwenye mkoba.

Kaka, Photoshop siiwezi kwa bei. Kuna njia nyingine? (Lindi mjini)

Ipo, tena ya bure: GIMP kwa picha, Inkscape kwa michoro, LibreOffice Impress kwa slaidi. Kupima ukubwa wa madoa ya jani, tumia ImageJ. Weka rula kando ya jani unapopiga picha ili programu ipate kipimo. Picha ya asili usiiguse kamwe. Unayoihariri ihifadhi kwa TIFF, kwani JPEG hupoteza kitu kila unapoihifadhi upya.

Nakusihi jambo moja, dada au kaka yangu: mwanga ukiuongeza, uongeze kwenye picha nzima, na picha unazolinganisha zifanyie vilevile. Kung'arisha doa moja ili lionekane zaidi ni kughushi data, hata kama nia ilikuwa kupendezesha slaidi.

Umeme unakatika sana. Desktop au laptopu? (Kilwa)

Laptopu, kwa sababu ya betri. Kama desktop tayari unayo, iwekee UPS (betri ya akiba) ikupe dakika za kuhifadhi kazi na kuzima. Kompyuta usiiweke kwenye dirisha linaloelekea baharini. Chumvi na unyevu hula viunganishi.