Helmeti kwenye ndondi za ridhaa

Wengi huuliza kama helmeti inazuia KO, yaani bondia kuangushwa asiweze kuendelea. Hapana, haizuii. Inapunguza kuchanika nyusi na majeraha ya kugongana vichwa, basi. Ubongo unatikisika ndani ya fuvu vilevile, hasa ukila hook (ngumi ya pembeni) ya kidevu inayozungusha kichwa. Ndiyo maana AIBA, shirikisho la ndondi za ridhaa duniani wakati huo, waliziondoa kwa wanaume wakubwa 2013, na Rio 2016 wakapigana vichwa wazi, mara ya kwanza kwenye Olimpiki tangu 1980. Wanawake walivaa hata Paris 2024. Ila kweli baada ya wanaume kuvua helmeti majeraha ya kuchanika yalionekana mengi, cheki Michezo ya Jumuiya ya Madola, Glasgow 2014. Kinachomwokoa bondia ni refa kusimamisha pambano mapema. Nimeshika kona, yaani kumsaidia bondia ulingoni, miaka kadhaa, na sijawahi kuona aibu kurusha taulo ili pambano lisimamishwe.