Shangazi wa Safari: Ndege za bei nafuu za Asia, bei unayoiona na bei utakayolipa

Mwezi huu nimeziweka kando barua za hoteli na za viza za Ulaya. Wanaouliza kuhusu ndege za bei nafuu za Asia wamekuwa wengi, na karibu wote wanasafiri kwa pesa za jasho lao: wachuuzi, wanafunzi, watu wanaopeleka wagonjwa. Mimi nguo za duka langu nimezifuata soko la Pratunam, Bangkok, kwa miaka mingi, na nikiwa huko, kwenda Kuala Lumpur au Ho Chi Minh City napanda ndege hizihizi. Nazipenda, na sipendi kuona mtu wetu anaumizwa nazo kwa sababu tu hakuna aliyemweleza mapema.

*Shikamoo shangazi. Nauza mikoba Kariakoo. Mwezi ujao nitakuwa Bangkok na nataka kupitia Kuala Lumpur kuangalia mzigo. Kwenye simu nimeona tiketi ya dola 45, lakini nikifika kwenye kulipa inakaribia 100. Ni wizi? Na zile kilo 7 za begi la mkononi, wanapima kweli au ni maandishi tu?*
*Mfanyabiashara, Dar es Salaam*

Marahaba mwanangu. Si wizi. Kwa zile dola 45 umeuziwa kiti, na kiti peke yake. Begi la kwenda tumboni mwa ndege, chakula, kuchagua pa kukaa, bima, vyote hivyo vinauzwa kimoja kimoja. Biashara yao ndivyo ilivyo tangu mwanzo. Mwaka 2001 mfanyabiashara wa Malaysia, Tony Fernandes, alilinunua shirika la ndege la AirAsia la huko kwa ringgit moja, pesa ya Malaysia, pamoja na madeni ya ringgit milioni 40 na ndege mbili. Aliiendesha kwa hesabu ya kubana: aina moja ya ndege ili mafundi na vipuri viwe vya aina moja, viti vingi ndani, tiketi ziuzwe kwenye intaneti bila wakala, na ndege ikitua iondoke tena baada ya dakika 25 hivi, maana ndege iliyoegeshwa haiingizi hata senti. Mashirika mengine ya eneo lile, VietJet, Cebu Pacific, Scoot, IndiGo, kila moja lina namna yake, lakini hesabu ni hiyohiyo.

Kwa hiyo kabla hujalipa, pitia ukurasa mmoja mmoja polepole. Programu nyingi hukuwekea tiki kwenye kiti, bima na kifurushi ambacho hujakiomba. Toa tiki zote, kisha rudisha unachohitaji. Wewe unachohitaji ni kilo, tena hununui sawa kwenda na kurudi. Kila upande wa safari una kilo zake. Nenda na begi la mkononi tu, nunua 25 au 30 za kurudi. Na usijaze begi moja likapita kilo 32: hata ukiwa umelipia zaidi, begi moja la uzito huo halipokelewi, maana kuna binadamu anayelinyanyua. Mzigo wa biashara wenyewe mpe mtu wa kago. Mikoba mia mbili haiendi kwa ndege ya abiria ukabaki na faida.

Kuhusu kupima: wanapima. Mizani iko kaunta, na mara nyingi ipo nyingine getini, mahali ambapo huna tena pa kupeleka mzigo. Nimemwona pale Don Mueang, uwanja wa ndege wa Bangkok, dada mmoja akivaa magauni matatu juu ya suruali, jasho linamtiririka, watoto wake wanamtazama, ili begi lishuke kilo mbili. Hakuna mtu anayestahili kufikishwa hapo. Malipo ya getini huweza kuizidi nauli yenyewe, ilhali kilo zilezile ukizinunua siku unayokata tiketi ni nafuu sana. Na ile 7 kwa kawaida ni jumla ya begi na mkoba wako mdogo pamoja; Scoot wao wanatoa 10. Begi gumu la magurudumu, likiwa tupu kabisa, linakula karibu kilo 3. Chukua begi la kitambaa.

Mambo mawili zaidi, kwa sababu pasipoti yako ni ya kwetu. La kwanza ni majina. Sisi tuna majina matatu, na fomu ina sehemu mbili. Fungua pasipoti, tazama lililoandikwa kwenye mstari wa jina la ukoo. Hilo ndilo la sehemu ya ukoo, yaliyobaki yote yaende upande wa pili kwa mpangilio uleule. Tiketi ya bei ya chini kwa kawaida hairuhusu kubadilishwa kuwa ya mtu mwingine, na kwa macho ya kompyuta Juma Hamisi na Hamisi Juma ni watu wawili. La pili, hata ukichekini kwenye simu, usiende moja kwa moja getini. Msafiri ambaye karatasi zake zinahitaji kukaguliwa lazima apite kaunta aonyeshe viza, tiketi ya kurudi na cheti cha homa ya manjano, na kaunta za safari za nje hufungwa saa nzima kabla ya kuruka. Malaysia pia inataka fomu ya kuingilia ijazwe kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika. Ni bure. Tovuti inayokudai pesa kwa fomu hiyo siyo ya serikali.

*Shikamoo shangazi. Nasoma Kuala Lumpur. Nimepata tiketi rahisi ya kurudi nyumbani: ndege ya bei nafuu hadi Bangkok, halafu nyingine ya Ethiopian hadi Dar kupitia Addis Ababa. Nina saa nne za kuunganisha. Zinatosha?*
*Mwanafunzi, Kuala Lumpur*

Marahaba mwanangu, na tafadhali usilipe kabla hujamaliza kusoma. Saa siyo tatizo lako kubwa.

Bangkok ina viwanja viwili. Angalia herufi tatu kwenye tiketi. Ndege nyingi za bei nafuu hutua Don Mueang, DMK, kaskazini mwa jiji. Ethiopian huondokea Suvarnabhumi, BKK, upande wa mashariki, kama kilomita 45 kutoka hapo. Lipo basi la bure la kupeleka abiria wenye tiketi ya kuendelea, lakini basi hilo linapita kwenye barabara zilezile za Bangkok, na foleni ya jioni ya jiji lile naijua.

Sasa, ili upande basi ni lazima utoke nje ya uwanja. Kutoka nje ya uwanja ni kuingia Thailand, na mwenye pasipoti ya Tanzania haingii Thailand bila viza. Ile habari kwamba anayepita tu haulizwi viza ni kweli kwa anayebaki ndani ya uwanja mmoja. Wewe hubaki. Na hutazuiwa Bangkok, utazuiwa palepale Kuala Lumpur kaunta, kwa sababu shirika likimbeba mtu asiye na viza, gharama za kumrudisha ni zao. Tiketi ya kwanza itapotea. Ya pili nayo itapotea, kwa kuwa hukutokea.

Hata viwanja vingekuwa kimoja, tiketi mbili zilizokatwa mbali mbali hazijuani. Ndege ya kwanza ikichelewa, shirika la pili halidaiwi chochote na wewe. Watakuandika kuwa hukufika. Begi lako nalo halihamishwi. Utalisubiri kwenye mkanda, utapita uhamiaji, utachekini upya. Huu ndio uchungu wa barua nyingi ninazopokea: mtu ameokoa dola 80 na amepoteza 600.

Utafanyaje? Tafuta tiketi moja kutoka Kuala Lumpur hadi Dar, yenye namba moja ya hifadhi (booking), hata kama inapita Addis Ababa, Doha au Dubai. Linganisha baada ya kuongeza begi lako la chuo, siyo kabla. Ukishajumlisha kilo 30 na viza ya Thailand, mara nyingi ile tiketi uliyoiona ghali ndiyo inashinda. Ndege ya bei nafuu itumie ndani ya Asia, ukiwa unatembea. Na ukitaka kuunganisha mbili za shirika moja, AirAsia wanayo huduma waliyoiita Fly-Thru kwa baadhi ya safari zinazopitia Kuala Lumpur au Don Mueang: unazinunua pamoja, begi linapitilizwa, hutoki uhamiaji. Nayo lazima uinunue kama safari moja tangu mwanzo.

*Shangazi, mume wangu anasema ndege ya bei rahisi ni kucheza na roho. Anataja ajali za Indonesia. Nimjibu nini?*
*Mama wa watoto watatu, Tanga*

Hofu ya mumeo ina sababu na usiicheke. Desemba 2014 ndege ya AirAsia Indonesia ilianguka na watu 162. Oktoba 2018 Lion Air ilianguka baharini karibu na Jakarta, wakafa 189. Lakini endelea kumsimulia: miezi mitano baadaye, Machi 2019, ndege ya Ethiopian ilianguka baada ya kutoka Addis Ababa ikielekea Nairobi, wakafa 157, na 32 kati yao walikuwa Wakenya. Ilikuwa Boeing 737 MAX kama ile ya Lion Air, na mfumo uleule wa kompyuta ulikuwa ukiisukuma pua ya ndege chini. Shirika moja lilikuwa la bei nafuu, jingine linagawa chakula na mablanketi. Kosa lilikuwa kwenye ndege, halikuwa kwenye nauli.

Ninachokitazama mimi ni nchi inayosimamia. Umoja wa Ulaya una orodha ya mashirika yaliyozuiwa kuruka kwake, iko wazi kwa kila mtu. Mashirika ya Indonesia yalizuiwa mwaka 2007, yakafunguliwa kidogo kidogo, na la mwisho likatoka Juni 2018 baada ya nchi kurekebisha usimamizi wake. Shirika likiwa kwenye orodha hiyo leo, usipande hata wakikupa bure.

*Chakula cha mle ndani ni halali? Na naweza kubeba pawabanki yangu kubwa?*
*Msomaji, Unguja*

Ndege za AirAsia za Malaysia zinauza chakula halali, na ukikiagiza kwenye intaneti saa 24 kabla ni nafuu kuliko kununua juu. Agiza nasi lemak: ni wali wa nazi, dagaa wa kukaanga, karanga, tango na pilipili ya kusaga. Mtu wa Unguja hatauliza maswali. Chakula cha nyumbani kula kabla ya kupanda, wengi wao hawaruhusu kuliwa ndani.

Pawabanki ni begi la mkononi tu, kamwe isiingie tumboni mwa ndege. Januari 2025 ndege ya Air Busan iliteketea uwanjani huko Korea Kusini, watu wote 176 wakatoka hai, na uchunguzi ulielekea kwenye pawabanki iliyokuwa kwenye kabati la juu. Tangu hapo mashirika mengi ya Asia, Scoot na AirAsia wakiwemo, yamekataza kuitumia safarini. Kaa nayo karibu, usiiweke kabati la juu. Kikomo cha kawaida, kwa vipimo vya umeme inaohifadhi, ni 100 Wh, kama mAh 27,000, na maandishi hayo yawe yanasomeka kwenye ganda lake.

*Asalamu aleikum shangazi. Nampeleka mamangu Chennai kutibiwa magoti. Tumeambiwa IndiGo ya Nairobi hadi Mumbai ni nafuu. Hawezi kutembea mbali, na mwili wake ni mkubwa. Ataweza?*
*Binti yake, Mombasa*

Waaleikum salaam mwanangu, Mungu amjalie mama afya. IndiGo inaruka Mumbai na Nairobi tangu Agosti 2023, na safari ni kama saa sita. Ataweza, ukimpangia.

Viti vya ndege hizi vimebanwa. Nafasi kutoka kiti hadi kiti ni inchi 28 au 29 kwenye nyingi, yaani sentimita 71 hadi 74, na kwa magoti yanayouma hiyo ni adhabu. Hapa ndipo ninapomwambia mtu atoe pesa bila kinyongo: mnunulie mama kiti cha mstari wa mbele kabisa, upande wa njiani, nawe ukae kando yake. Usimnunulie kile cha mlango wa dharura ingawa nacho kina nafasi. Anayehitaji kiti cha magurudumu haruhusiwi kukaa pale. Kila saa moja msimamishe, hata kama ni kusimama tu na kushika kiti.

Kiti cha magurudumu kiombe siku unayokata tiketi, isipungue saa 48 kabla ya safari, na uwakumbushe kaunta. Omba cha Nairobi, cha Mumbai na cha Chennai, maana Mumbai ndiko kwenye kazi. India hukaguliwa uhamiaji na forodha katika uwanja wa kwanza unaotua, hivyo mtayachukua mabegi Mumbai na kuyakabidhi tena. Safari za ndani za IndiGo nyingine huondokea Terminal 1, na nyinyi mtatua Terminal 2. Ni majengo mawili yaliyo mbali, kwa gari. Chagua inayoondokea Terminal 2, na uache saa nne au tano katikati.

Kateni Mombasa hadi Nairobi kivyake, mlale Nairobi. Lakini Nairobi hadi Chennai iwe tiketi moja. Ukikata Mumbai hadi Chennai peke yake, kilo zitahesabiwa kwa kanuni ya ndani ya India, ambayo ni 15, nanyi mnakwenda kukaa wiki nyingi. Viza muombe ya matibabu, mmoja kama mgonjwa na mwingine kama mhudumu wake, na barua ya hospitali mwe nayo mkononi. Dawa zake zote, na picha za eksirei, zikae kwenye mkoba wako wa mkononi pamoja na cheti cha daktari chenye majina ya dawa hizo.